Kimeo hakimzuii mtoto kuongea

Dada wa Mwanga, unasema mtoto ana miaka 4, anaelewa kila kitu, ukimtuma mawese analeta mawese, ila kuongea ndo kazi na majirani wanakwambia akakatwe kimeo. Usithubutu! Kimeo hakihusiani na hilo, na kisu cha mtaani kinaleta kutokwa na damu na maambukizi tu. Hiyo ya leo kusema "dagaa" vizuri, kesho "gada", baadae "aga", huku mdomo unahangaika kutafuta pa kuanzia, inafanana na apraksia, yani neno analijua ila ubongo kupanga mwendo wa ulimi na midomo ndo panapogoma (wale wenye misuli iliyolegea ni wengine, sauti yao inakokota na mara nyingi mate yanawatoka). Nenda hospitali ya Maweni hapa Kigoma uombe apimwe masikio kwanza, afu uulizie rufaa ya mtaalamu wa matamshi, najua huku kwetu kuwapata ni shughuli. Nyumbani chagua maneno machache anayoyahitaji kweli, akuangalie mdomo, dakika chache mara nyingi kwa siku. Picha na ishara mpe tu, hazimfanyi awe mvivu wa kuongea. Na babaake aache kumuigiza anavyoongea mbele za wageni.