Anza na Pini Moja: Ushauri kwa Anayejifunza Kufungua Kufuli Bila Ufunguo

Mtu anayetaka kujifunza kufungua kufuli bila ufunguo ningemshauri atafute kwanza kufuli la mazoezi ambalo pini zake hutolewa na kubadilishwa, kabla hajatumia fedha zake kwa mkoba uliojaa vyuma vya kila umbo. Vyuma viwili vinatosha kwa muda mrefu: kimoja cha kukazia silinda, yaani kuisukuma kidogo sehemu ya kufuli inayozunguka kana kwamba unaigeuza kwa ufunguo, na kingine chenye ncha iliyopinda kidogo cha kuinulia pini. Ubora wa kufuli hilo ni kwamba wewe mwenyewe ndiye unayeamua somo la leo liwe gumu kiasi gani.

Makufuli mengi ya pini hufuata muundo ambao Linus Yale Mdogo wa Marekani aliupatia hataza katika miaka ya 1860. Ndani ya ganda kuna silinda inayozunguka, na katika kila tundu mna pini ya chini inayoguswa na ufunguo, pini ya juu, na springi inayozisukuma zote mbili. Ufunguo sahihi huinua kila jozi mpaka pale pini mbili zinapokutana palingane na ukingo wa silinda, na hapo silinda huwa huru kuzunguka. Kwa kuwa hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yakapangika bila hitilafu hata kidogo, ukiikaza silinda pini hazibanwi zote kwa pamoja; moja hutangulia, nawe ukiifikisha ukingoni silinda hugeuka kiasi kidogo sana, kisha nyingine inabanwa. Kuitambua pini iliyobanwa ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo fungua skrubu za juu, toa springi na pini kwa kibano, uzipange kwa mfuatano wake juu ya kitambaa ili springi zisiruke zikapotea, halafu rudisha jozi moja tu. Kaza kwa uzito mdogo kabisa wa kidole. Pini isiyobanwa hubonyea na kurudi kwa wepesi wa springi. Iliyobanwa huwa nzito, haina mnepo, na ikifika mahali pake hutoa mlio mdogo ambao mara nyingi kidole huupata kabla ya sikio. Baada ya hapo iinue kupita kiasi kwa makusudi, ili ujue jinsi silinda inavyogoma pini ya chini inapovuka ukingo, maana hali hiyo utakutana nayo kila mara. Ongeza jozi ya pili mkono ukishazoea, na baadaye zibadilishane matundu, kwa sababu mfuatano wa kubanwa unaweza kubadilika, na vidole vitalazimika kutafuta upya badala ya kukariri.

Kufuli la plastiki linaloonyesha ndani ni zuri kwa kuelewa muundo, lakini silipendekezi kwa mazoezi, kwani macho hufanya kazi iliyopaswa kufanywa na vidole. Silinda ikishafunguka, usiizungushe nusu duara nzima, kwa maana katika makufuli mengine pini za juu hutumbukia kwenye upenyo wa ufunguo na kuikwamisha.

Fungua kufuli lako tu, au lile ambalo mwenyewe amekuruhusu, na usijaribu kamwe lile linalotegemewa mlangoni, kwa sababu linaweza kuharibika likawafungia watu nje. Sheria kuhusu vyuma hivi hutofautiana baina ya nchi na nchi. Zisome kabla ya kununua.

Ukishalimudu kufuli lenye pini zote za kawaida, badilisha pini moja ya juu kwa ile yenye kiuno chembamba, uiweke katika tundu unalolijua vizuri. Silinda itageuka zaidi ya ulivyozoea, kisha itakwama ikikudanganya kwamba imekaribia kufunguka. Bonyeza kila pini kwa upole: ile inayoifanya silinda irudi nyuma kidogo ndiyo yenye kiuno, na hapo unatakiwa kuulegeza mkono unaokaza bila kuuachia kabisa, huku ukiendelea kuinua mpaka kiuno kivuke ukingo.