Hita ya van haizimiki

SWALI: Van yangu ni ya zamani, hita yake ni ya wenzo na waya. Nikisukuma wenzo hadi mwisho kwenye alama ya buluu, miguuni bado kunatoka hewa ya moto. Nikizima feni joto linapungua, lakini haliishi. Fundi anataka abadilishe hita nzima. Ni lazima? Na je, kwa muda naweza kuiziba?

JIBU: Si lazima. Hita hubadilishwa ikivuja: zulia linaloa, kioo cha mbele kinashika ukungu wenye harufu tamu ya kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini). Yako inapokea maji ya moto ya injini wakati haitakiwi, na kosa kwa kawaida huwa kwenye koki inayofungua na kufunga maji hayo, au waya unaoivuta kutoka kwenye wenzo.

Washa injini ipate joto, wenzo ukiwa kwenye baridi. Fungua boneti utafute mipira miwili ya maji inayoingia kwenye ukuta unaotenganisha injini na sehemu ya abiria. Mmoja una koki yenye mkono mdogo. Gusa mpira kabla ya koki na baada yake, kwa haraka maana unaunguza. Ukiwa moto pande zote mbili, koki haifungi. Ukiwa wa baridi baada ya koki na joto bado lipo, tazama mpira wa kuzuia joto kwenye kifuniko cha injini. Kwa van zenye injini chini ya viti, hapo ndipo joto hupenyea. Kama gari halina koki kabisa, mipira yote huwa moto siku zote, na kosa ni mlango mdogo wa hewa ndani ya dashibodi: waya umechomoka au sponji ya pembeni imeoza.

Zima injini, mtu mmoja asogeze wenzo huku wewe ukitazama mkono wa koki. Usipotikisika, waya umekatika au umechomoka. Ukienda nusu njia, tazama klipu inayobana ganda la waya. Ikilegea, ganda lote linateleza na waya wa ndani hauvuti kitu. Watu wengi hununua koki mpya kumbe ni klipu hiyo. Weka wenzo kwenye baridi, sukuma mkono wa koki kwa kidole hadi ufunge, ndipo ubane ganda. Ukibana wenzo ukiwa katikati, tatizo litarudi.

Mkono ukienda mwisho na mpira ukabaki moto, koki imeharibika ndani, mara nyingi kwa kutu na chokaa ya maji ya bomba. Inunue mpya. Subiri injini ipoe kabisa ndipo ufungue kifuniko cha rejeta, kisha mwaga kulanti kiasi. Mpira uliogandamana usiupindepinde: bomba la hita ni laini, ukilivuta linapasuka kwenye lehemu, na hapo ndipo utahitaji hita nzima kweli. Uchane mpira kwa wembe kwa urefu, ukijali usikwaruze bomba. Koki ikiwa na mshale, uelekee maji yanakokwenda. Jaza kulanti na maji safi nusu kwa nusu, weka wenzo kwenye moto, uache injini inguruma hadi thamostati (kifaa kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) ifunguke na mapovu yaishe.

Kuhusu kuziba: usiweke vizibo. Baadhi ya injini hutegemea mzunguko wa hita kupitisha maji thamostati ikiwa imefunga. Toa mipira yote miwili kwenye hita na uiunganishe kwa kipande cha bomba na klipu mbili; pima upana kwanza, mara nyingi ni milimita 16 au 19. Hapo hutakuwa na hita ya kukausha ukungu kwenye kioo, wala ya kupunguza joto la injini ikianza kuchemka mlimani.