Maswali ya Wasomaji: Kuogelea kutoka Dover hadi Ufaransa

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimekulia baharini, na sasa ninaishi kusini mwa Uingereza. Nimeazimia kuogelea kutoka Dover hadi Ufaransa. Katika bwawa ninamaliza kilomita sita bila kupumzika. Je, miezi mitatu ya mazoezi itanitosha?
Msomaji, Kent

JIBU: Kilomita sita si haba, lakini miezi mitatu haitoshi, na kikwazo chako kikubwa ni baridi kuliko umbali. Bahari uliyokulia huwa na joto la nyuzi 25 hadi 30, ilhali maji ya Dover katika msimu wa kuvuka, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, huwa baina ya nyuzi 14 na 18, nawe utakaa humo ukiwa na vazi la kawaida la kuogelea, kofia moja na miwani, kwa kuwa suti ya mpira hairuhusiwi kwa anayetaka uvukaji wake utambuliwe kwa kanuni za jadi. Kabla ya hapo utatakiwa kuleta cheti cha daktari pamoja na uthibitisho kwamba umeogelea kwa saa sita mfululizo katika maji baridi ya takribani nyuzi 16 au pungufu. Kwa maoni yangu, ufanye hizo saa sita ziwe ndilo lengo lako la mwaka wa kwanza, na Ufaransa uiache kwanza.

Anza mwezi Mei kwa dakika chache tu, ukiwa na mwenzako. Dakika mbili tatu za mwanzo pumzi hukatika na moyo huenda mbio, na aliyejirusha kichwakichwa anaweza kuvuta maji mapafuni hata kama ni muogeleaji hodari. Kwa hiyo ingia taratibu, usubiri pumzi itulie, ndipo uanze safari. Mshtuko huo hupungua upesi mtu akirudia mara kwa mara, lakini uwezo wa kukaa majini kwa saa nyingi huja polepole mno. Ukitoka, jua kwamba joto la ndani ya mwili huendelea kushuka kwa muda: vua nguo mbichi, jifute, vaa nguo nzito, kunywa kitu cha moto chenye sukari, wala usikimbilie bafu la maji moto, maana unaweza kuzirai humo.

Umbali ulionyooka ni kama kilomita 33, ila mkondo hugeuka kila baada ya takribani saa sita na kukusukuma ubavuni, huku na huku, hata ukajikuta umeogelea zaidi ya hapo. Wewe mtu wa pwani utaelewa upesi kwa nini manahodha wa mashua zinazowasindikiza waogeleaji hupendelea siku za maji mafu, mkondo unapokuwa dhaifu, kuliko za bamvua, unapokuwa na nguvu. Nafasi za siku hizo huwekwa mapema, pengine miaka miwili kabla. Matthew Webb, aliyevuka wa kwanza bila msaada mwaka 1875, alitumia saa 21 na dakika 45, na karibu saa tano za mwisho alizuiwa na mkondo karibu na pwani ya Ufaransa. Jizoeze basi kuogelea kwa nguvu ukiwa tayari umechoka.

SWALI: Mdogo wangu ameniomba niwe mashuani nimlishe atakapokuwa anavuka. Niangalie nini?
Msomaji, London

JIBU: Hesabu mikono yake. Kila baada ya nusu saa hesabu kwa dakika nzima anapiga mara ngapi, uandike. Ikiwa alianza na 60 na sasa anapiga 48, muulize jambo analolijua vizuri, kama jina la mtaa mliokulia. Ulimi ukiwa mzito, au jibu likienda kombo, mwambie nahodha papo hapo. Akikohoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi atolewe bila mjadala, kwani ni dalili ya maji kujaa mapafuni.

Kinywaji kiwe vuguvugu, chenye wanga, ambacho amekwisha kukizoea mazoezini. Kitie katika chupa iliyofungwa kamba umrushie, kisha uivute. Yeye asiishike mashua wala wewe usimguse, kwa kuwa uvukaji utabatilika. Chumvi huvimbisha ulimi na koo, ndiyo maana wengi huomba vipande vya matunda laini ya kopo.

Kubalianeni angali nchi kavu, akili zikiwa timamu, kwamba nahodha akisema atoke, atatoka hata akilia. Na wewe mwenyewe umeze dawa ya kichefuchefu kabla mashua haijaondoka bandarini, kwa sababu mashua inayokwenda polepole kando ya muogeleaji huyumba vibaya, na mlishaji anayetapika hawezi kuhesabu mikono.