Kloraidi peke yake haitoshi

Kloraidi (klorini iliyoyeyuka majini, itokanayo na gesi za volkano) ya ziwa la kreta, yaani ziwa lililo kwenye mdomo wa volkano, ikishuka, usikimbilie kusema volkano imetulia. Huenda ni mvua tu imeyazimua maji. Angalia uwiano wa magnesiamu kwa kloraidi, maana mvua hupunguza vyote viwili kwa pamoja na uwiano hubaki palepale. Uwiano huo ukipanda, maji ya moto yenye asidi huenda yanakula mwamba mpya, pengine magma (mwamba ulioyeyuka) iliyopanda karibuni. Volkano ya Ruapehu, New Zealand, imefuatiliwa hivyo kwa miaka mingi.

Chuja sampuli kwa chujio la mikromita 0.45, ujaze chupa mbili za plastiki. Ya magnesiamu itie asidi ya nitriki, kamwe si hidrokloriki: hiyo yenyewe ni kloraidi! Ya pili, ya kloraidi, iache ilivyo. Jotoridi lipime hapo hapo ziwani.