Uliza Ujibiwe: Jumatano ni ya tano, Alhamisi nayo ya tano?

Mbukwenyi wasomaji wetu. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi mpaka simu ya ofisi ikajaa, tumechagua tatu kwa sababu zote zinazunguka jambo moja, siku za wiki. Zile za bei ya zabibu na mambo ya viwanja tutazirudia toleo lijalo, msikasirike.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni msomaji wenu wa Nkuhungu hapahapa Dodoma, naendesha bodaboda. Binti yangu yuko darasa la tatu, juzi katoka madrasa kaniuliza swali limenikaba koo. Kasema baba, Jumatano maana yake siku ya tano si ndiyo? Nikamwambia ndiyo. Kasema ustadhi ametufundisha khamsa ni tano, kwa hiyo Alhamisi nayo ni siku ya tano, sasa mbona tano ziko mbili na sita haipo? Nikamwambia nenda kalale. Jirani yangu mlokole alikuwa anasikiliza ukutani, naye akachomekea kwamba Jumapili ndo siku ya kwanza, iko kwenye Biblia, iweje tuiite ya pili. Naomba mnisaidie kabla binti hajarudi tena.

JIBU: Marahaba ndugu yetu, na huyo binti mnunulie daftari maana swali lake watu wanazeeka hawajajiuliza. Ustadhi yuko sahihi, wewe uko sahihi, na mlokole wa ukutani naye yuko sahihi, tatizo kila mmoja anaanzia kuhesabu mahali pake.

Chukua kwanza neno juma. Limetoka kwenye Ijumaa, na Ijumaa ni Kiarabu, mzizi wake ni kukusanyika, ndo huohuo uliotuletea jamaa, jamii na jumuiya. Ni siku watu wanakusanyika msikitini adhuhuri. Waswahili wa pwani waliichukua siku hiyo kubwa wakaifanya kigingi, kutoka Ijumaa mpaka Ijumaa wakasema hilo ni juma, na kesho yake tu wakaanza kuhesabu, ya kwanza Jumamosi, ya pili Jumapili, tatu, nne, tano. Hiyo mosi ni "moja" ya zamani, bado tunayo kwenye Mei Mosi na tarehe mosi. Kwa hiyo ile Jumamosi mnayoenda kutafuna nyama choma mnadani Msalato mkidhani mnafunga wiki, kwa hesabu ya lugha yenyewe ndo kwanza mnaifungua.

Waarabu hawahesabu hivyo. Kwao moja ni Jumapili, wanaiita al-ahad, Jumatatu al-ithnayn yaani mbili, inaenda hivyo mpaka al-khamis, ya tano, ambayo ndo Alhamisi yetu. Ijumaa hawakuipa namba, na Jumamosi wanaiita as-sabt, sabato. Sasa Mswahili alihesabu kwa namba zake za Kibantu mpaka tano, alipofika hapo akaweka kalamu chini akachukua Alhamisi ya Kiarabu kama ilivyo, ikaja na namba yake tumboni. Ndo maana tano mbili zimekaa nyumba jirani, moja imehesabiwa kutoka Ijumaa, nyingine kutoka Jumapili, na Jumasita haikuzaliwa.

Kwa nini hakuendelea? Mimi naona ni kwa sababu Alhamisi ilikuwa imeshaingia kwenye ukoo wa Ijumaa, jioni yake ndo watu wa dini wanaanza kujiandaa, siku hizi mbili zilikuwa na kazi ya ibada na jina la ibada likabaki. Hayo ni maoni yangu, ustadhi anaruhusiwa kunipinga. Ila angalia majina ya watu wetu utaona siku zote zilipata heshima yake, Hamisi ni wa Alhamisi, Juma na Mwajuma wa Ijumaa, na akina Jumanne mtaani kwenu hawakosi.

Wamalagasi, majirani zetu wa ng'ambo ya bahari, hawakujisumbua na kuchanganya, walibeba Kiarabu siku zote saba: alahady, alatsinainy, talata, alarobia, alakamisy, zoma, asabotsy. Zoma unaiona mwenyewe kwamba ni Ijumaa, na soko kubwa la wazi la Antananarivo lilipewa jina hilohilo maana siku yake ilikuwa Ijumaa. Soko kuitwa kwa siku ni jambo la kawaida duniani, lakini Watajiki wa kule Asia ya Kati wamezidi, mji mkuu wao unaitwa Dushanbe, na maana yake ni Jumatatu, kilikuwa kijiji chenye gulio siku hiyo. Fikiria makao makuu yetu yangekuwa yanaitwa Jiji la Jumamosi kwa ajili ya Msalato, wabunge wangeapa vipi.

Na hao wenye Dushanbe ndo wanafanana na sisi kuliko wote. Lugha yao ni Kiajemi, nacho kinachukua shanbe, ambayo ni sabato, kinaipachika namba: yekshanbe ni Jumapili, doshanbe Jumatatu, mpaka panjshanbe, Alhamisi. Ufundi ni uleule wa juma na namba, tofauti yao wamefunga kamba kwenye Jumamosi sisi tumeifunga kwenye Ijumaa. Waturuki nao Jumamosi wanaiita cumartesi, hiyo c yao inasomwa kama j yetu, na maana yake ni kesho yake Ijumaa. Si ndo Jumamosi hiyohiyo?

Kwa mlokole sasa. Mathayo 28:1 inasema kweli "siku ya kwanza ya juma", na hapo wanazungumzia Jumapili, kwa sababu Wayahudi wanahesabu baada ya sabato. Waliotafsiri Biblia walitumia juma kwa maana ya wiki, ikatokea sentensi ambayo siku ya pili ya Ijumaa inaitwa siku ya kwanza ya Ijumaa, na hakuna aliyewahi kulalamika kanisani. Mwambie tu ajue kwamba Wareno wako upande wake. Wao Jumapili ni domingo, siku ya Bwana, na Jumatatu ni segunda-feira, ya pili, Jumanne terça-feira, ya tatu. Nenda Msumbiji utasikia. Warusi wanaanzia Jumatatu, kwa hiyo Jumanne yao ni vtornik, ya pili, Wachina nao vilevile, na Wanyarwanda Jumatatu wanasema ku wa mbere, siku ya kwanza. Yaani siku ileile moja, unampeleka abiria stendi Jumanne asubuhi, Mchina anakwambia leo ya pili, Mreno anakwambia ya tatu, wewe unamwambia ya nne, na nauli ni moja.

Waingereza hawakuhesabu kabisa, walienda na jua, mwezi na miungu yao ya zamani. Binti akifika Sunday na Monday shuleni utamwambia jua na mwezi, hizo nyingine mwache mwalimu ahangaike nazo.

SWALI: Mhariri habari za kazi. Ni mwalimu hapa Mpwapwa. Wanafunzi wangu wanaandika wiki, mimi nimezoea kuwasahihisha waandike juma kwa sababu wiki ni Kiingereza. Mwenzangu ananiambia nawaonea. Nani mkweli? Na lugha nyingine zinaitaje?

JIBU: Salama mwalimu. Unawaonea. Wiki ni Kiingereza ndiyo, lakini juma ni Kiarabu, sasa unamfukuza mgeni mmoja na kumkaribisha mwingine kwa sababu alitangulia kufika? Yote yamo kwenye kamusi, kazi yako ni upatanisho wa kisarufi tu, majuma mawili na wiki mbili, anayeandika "mawiki" huyo ndo mpige kalamu nyekundu.

Na kama unatafuta neno la kwetu kabisa lipo, limejificha harusini. Fungate. Zamani kabla hatujaazima sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, sita ilikuwa tandatu na saba ilikuwa fungate, Wagiriama wa Kenya mpaka leo saba wanasema fungahe. Zile siku saba za maharusi kukaa ndani ndo zikabaki na jina la namba yenyewe. Siku hizi mtu anasema ameenda fungate Zanzibar siku tatu, hiyo ni tatu sio fungate, ila hela ni yake.

Lugha nyingi zimefanya kama fungate, zimetaja saba basi. Kiarabu usbuu kutoka saba yao, Kiebrania shavua, Wafaransa semaine kutoka saba ya Kilatini, Wahindi wana hafta ambayo ni saba ya Kiajemi. Neno la Kiingereza kwa asili yake ya mbali ni kugeuka, kama kupokezana zamu. Kundi ninalolipenda mimi ni lile linaloita wiki nzima kwa jina la siku yake kubwa, kama sisi na juma. Wanyarwanda icyumweru ni Jumapili na ni wiki. Wazulu isonto ni wiki, ni Jumapili na ni kanisa, wamelitoa kwa Makaburu. Kirusi nedelya ni wiki, lakini kwa asili ni siku ya kutofanya kazi, na ndugu zao Wapolandi mpaka leo niedziela ni Jumapili. Na Kilingala, sikiliza hii, wiki ni poso, inatokana na posho, kile chakula wafanyakazi walichokuwa wanagawiwa kila wiki. Wengine wakahesabu siku kwa sala, wenzetu wakahesabu kwa kibaba, na ukiuliza mtu anayelipwa Jumamosi pale kwenye saiti za ujenzi za Ihumwa atakwambia Wakongo ndo wamepatia.

Sio kwamba wote wana saba pia. Waigbo wa Nigeria wana wiki ya siku nne za soko, Eke, Orie, Afo na Nkwo, wanaendelea nayo sambamba na hii ya kalenda. Wafaransa baada ya mapinduzi yao, mwaka 1793, walileta wiki ya siku kumi, mapumziko mara moja kwa siku kumi, piga hesabu mwenyewe mfanyakazi alifurahi kiasi gani, Napoleon akaja kuifuta kalenda nzima mwanzoni mwa 1806. Wasovieti walijaribu ya siku tano mwaka 1929, wafanyakazi wakagawanywa makundi ya rangi kila rangi na siku yake ya kupumzika, mume anapumzika leo mke kesho kutwa, wakahangaika nayo, wakaja na ya siku sita, mwaka 1940 wakarudi kwenye saba. Kwa hiyo mwalimu, wiki au juma, waache watoto waandike.

SWALI: Asalaam aleikum. Naandika kutoka Kondoa lakini nakaa Dodoma mjini Area C kikazi. Bibi yangu alinipigia simu akasema mjukuu wangu, tuna kisomo cha babu yako usiku wa Ijumaa, usikose. Ijumaa nimeomba ruhusa kazini mapema, nimepanda gari, nafika magharibi nakuta masufuria yameoshwa yamefunikwa kichwa chini. Kumbe kisomo kilikuwa jana yake! Bibi kaninunia mpaka leo anasema wa mjini tumesahau mila. Kosa la nani?

JIBU: Waaleikum salaam. Pole sana kaka, lakini kosa ni lako.

Kwa hesabu ya bibi, ambayo ni ya Kiislamu na ndo ya Waswahili wa zamani, siku inaanza jua linapozama. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Kwa hiyo Alhamisi likishazama jua bibi tayari yuko Ijumaa, na usiku huo ndo usiku wa Ijumaa. Wewe unaishi kwa saa ya simu, siku inageuka saa sita ya usiku, ukielezwa usiku wa Ijumaa unaona Ijumaa jioni, ambayo kwa bibi ni usiku wa Jumamosi. Mlikuwa mnaongea Kiswahili kimoja na kalenda mbili. Wayahudi nao wana mtindo huohuo, sabato yao inaingia Ijumaa jua likizama, sio Jumamosi asubuhi.

Watangazaji wa redio walishaliona tatizo hili siku nyingi, ndo maana utasikia "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa", hiyo kuamkia imeokoa misiba na harusi nyingi. Hata hapa mjini, wanaofuatilia Bunge wanajua Alhamisi asubuhi ni maswali kwa Waziri Mkuu, hakuna anayekosea, kwa sababu ni mchana, na mchana hauna ugomvi. Ugomvi wote uko kwenye usiku.

Sasa bibi mpigie leo, usimtumie meseji, umwamkie vizuri, umwombe radhi, na umwambie utakuja arobaini itakapofika au kisomo kingine. Akikutajia siku mwulize hivi tu: bibi, kuamkia lini? Na nenda na kilo mbili za mchele, maana ule ubwabwa uliokosa ulikuwa umepikiwa na wewe.