Re: Kitabu cha zamani cha statiki, ninunue?

Mdogo wangu, umeuliza kama kitabu cha mwandishi Hibbeler cha statiki (hesabu za kani, yaani nguvu za kusukuma au kuvuta, kwenye vitu vilivyotulia), toleo la zamani, unachouziwa hapa Kigoma kinafaa, na kwa nini mifano unaielewa lakini maswali yanakushinda.

Kinunue. Sheria za msawazo, yaani kani zinapolingana na kitu kikatulia, ni zilezile tangu enzi za Newton. Namba za maswali ndizo hubadilika, kwa hiyo maswali anayotoa mwalimu yanakili kutoka kwa mwenzako. Hakikisha tu majibu ya nyuma hayajachanwa.

Shida yako, naona, iko kwenye mchoro. Funika suluhisho la mfano kwa karatasi. Chora kitu peke yake, weka uzito wake na kila kani inayokigusa, ndipo uandike hesabu. Nenda Kibirizi utazame ubao wa kupandia boti. Tuseme ubao una mita 4, ncha moja iko nchi kavu na nyingine kwenye boti, na gunia la dagaa la nyutoni 600 liko mita 1 kutoka nchi kavu. Chukua momenti (kani mara umbali wake) kwenye ncha ya nchi kavu, R ikiwa kani ya boti kuinua ubao: 600 × 1 = R × 4. Boti inabeba nyutoni 150, nchi kavu zilizobaki, 450. Uzito wa ubao nimeuacha makusudi. Uongeze mwenyewe, kisha nitumie picha ya mchoro wako niuone.