Kabla hujapasuliwa taya, uliza habari za meno

Tangu nipasuliwe mataya, miaka mitatu sasa, wanaonijua hapa Usa River, Arusha, huniuliza habari za sura. Za meno hawaulizi. Mimi mwenyewe sikuuliza, na ndiyo maana naandika.

Taya langu la chini lilikuwa limetangulia mbele. Meno ya mbele hayakukutana, chakula chote kikatafunwa na magego machache ya nyuma, nayo yakaanza kusagika ningali kijana. Kwa hilo upasuaji, wa kukata mataya na kuyapanga upya, ulinisaidia kweli. Leo mzigo umegawanyika mdomo mzima.

Ila safari huanza na vyuma vya meno, na vyangu nilivaa mwaka mmoja na nusu kabla ya kisu. Nimekulia Maji ya Chai. Wenzangu wa Meru mnajua meno yetu ya kahawia: maji ya chini ya mlima yana floraidi, na sehemu nyingi huzidi ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kuwa kikomo. Nilichokuwa sikijui ni kwamba gundi ya vyuma haishiki vizuri kwenye meno ya namna hiyo. Vyangu vilibanduka mara saba. Mwambie daktari umekulia wapi kabla hajaanza kugandisha, aandae jino ipasavyo. Na usidhani floraidi imekukinga. Meno yetu nayo hutoboka, hasa kuzunguka vyuma. Matundu yote yazibwe kwanza, na fizi zinazotoka damu zitibiwe. Magego ya mwisho ya chini mara nyingi hung'olewa miezi 6 hivi kabla, ili mfupa ujae pale utakapokatwa.

Baada ya upasuaji mifupa hushikwa na vibati na skrubu za titani, na mataya huongozwa kwa raba zinazofungwa kwenye vyuma. Takriban wiki 6 hutafuni. Mama alipanda gari kutoka Marangu na mkungu wa ndizi. Alipika mtori, akauponda, akaupitisha kwenye chujio mara mbili, nami nikaunyonya kwa bomba la sindano lililofungwa mrija. Mtori ule ndio ulionisimamisha. Uji wa ulezi ulikuwa tatizo, kwa sababu kwa huruma yake aliutia sukari nyingi, na uji mtamu hujificha nyuma ya waya usiku kucha. Nilimwandikia kwenye karatasi: "Mama, sukari punguza, meno yataoza." Alinielewa. Kila baada ya kula nilisukutua kwa maji ya chumvi, kisha nikapiga mswaki laini wa mtoto mchanga, polepole, nikikwepa nyuzi. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini niliyopewa iliacha madoa ya kahawia, lakini hayo husafishwa na daktari yakaisha.

Sasa jambo lililonitisha kuliko yote. Taya la juu hukatwa juu ya mizizi ya meno, na neva ndogo zinazoelekea kwenye meno hukatika hapo. Damu huendelea kuyafikia kupitia nyama za fizi na kaakaa. Kwa hiyo meno hufa ganzi, lakini ganzi si kifo. Mwezi wa tatu niliingia kliniki moja mjini. Wakagusisha kitu cha baridi kwenye meno manne ya mbele, sikusikia kitu, wakaniambia yamekufa, yatobolewe yote na kuzibwa mizizi. Nililia njiani mpaka nyumbani. Daktari aliyenipasua alinizuia kwa simu: kipimo cha baridi hupima neva, hakipimi damu. Dalili za kuzitazama ni jino kugeuka rangi, maumivu, uvimbe wa fizi, au kivuli penye ncha ya mzizi kwenye picha ya eksirei. Bila hizo, subiri na upimwe tena.

Nilisubiri. Mwezi wa nane jino moja lilishtuka kwa maji ya baridi, na kufikia mwezi wa kumi na moja matatu yalikuwa yameamka. La nne liligeuka kijivu, picha ikaonyesha kivuli, likatibiwa mzizi. Hilo moja tu. Kidevu changu upande wa kushoto bado kina kipande kidogo chenye ganzi, nami nimeshakizoea. Lile jino la kijivu bado ninalo, na mahindi ya kuchoma nayang'ata nalo.